Gazi Hawauzi Hewa, Wanalinda Amana

Uko mzaha unaopita katika baraza zetu za Pwani kila litajwapo jina la Gazi. Husemwa ya kuwa watu wa huko wamewapiku wenye maduka wote wa Mombasa, maana mwenye duka hana budi anunue gunia la mchele kabla ya kuliuza, lakini watu wa Gazi wauza hewa, na hewa hainunuliwi wala haitiwi ghalani. Wasemao hivyo hucheka, kahawa ikazunguka, na mazungumzo yakahamia kwenye siasa.

Mimi nauona mzaha huu una swali ndani yake, na swali lenyewe si la kuchekwa. Tangu mwaka 2013 vijiji viwili vidogo vya Kwale, Gazi na jirani yake Makongeni, vimekuwa vikipokea fedha kutoka ng'ambo kwa sababu ya kuitunza mikoko badala ya kuikata. Mradi huo, uitwao Mikoko Pamoja, hutajwa kuwa wa kwanza duniani ambao wanakijiji wenyewe waliuza hati za kaboni zitokanazo na mikoko. Mwaka 2017 ulipewa Tuzo ya Equator ya Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa. Wageni wamekuja na kamera zao, wakapiga picha, wakaenda zao. Lakini sisi tulio karibu, ambao mikoko ni yetu na bahari ni yetu, aghalabu hatukai tukauliza: Ni kitu gani hasa kinachouzwa? Muuzaji ni nani? Na mizani ameishika nani?

Watu wa ghuba

Ukishavuka feri ya Likoni ukaenda kusini, ukaipita Diani na kabla hujafika Msambweni, utaikuta Gazi mkono wa kushoto, mwendo wa kilomita 50 na kitu kutoka Mombasa. Ni kijiji kilichokaa kando ya ghuba yenye maji matulivu, kwa kuwa upande wa bahari kuu imekingwa na rasi na Kisiwa cha Chale, na miamba nayo huyavunja mawimbi kabla hayajaingia ndani. Mito miwili, Kidogoweni na Mkurumudzi, huleta maji matamu kutoka bara. Pale maji matamu yanapokutana na ya chumvi, ndipo mikoko ilipoota.

Wakazi wake wengi ni Wadigo, Waislamu, wavuvi na wakulima wa minazi, mihogo na mahindi. Pamoja nao wamo watu wa nasaba nyingine walioletwa na bahari, kama ilivyo kila mahali katika mwambao wetu. Wanaume huenda baharini kwa ngalawa na mitumbwi. Wanawake husuka makuti, hukaanga samaki wa kuuza, na huokota vitu vya pwani maji yanapokupwa. Vijiji hivi viwili vikijumlishwa pamoja ni kama watu 5,000 au zaidi kidogo. Si mahali pa kutajwa kwenye ramani kubwa.

Hata hivyo Gazi si kijiji kisicho na historia. Hapa ndipo alipokaa Sheikh Mbaruk bin Rashid wa Mazrui, baada ya ukoo wake kupoteza utawala wa Mombasa mwaka 1837 mbele ya Seyyid Said. Mbaruk alipambana na masultani wa Unguja kwa miaka mingi, na mwaka 1895 akapambana na Waingereza wenyewe, vita ambavyo viliitikisa Pwani nzima mpaka Aprili 1896, alipovuka mpaka na kuingia upande wa Wajerumani. Alifariki Dar es Salaam mwaka 1910. Nalitaja hili si kwa kujisifia yaliyopita, bali kwa kuwa lina mafunzo: watu wa Gazi wanajua tangu zamani maana ya mambo yao kuamuliwa na mtu aliye mbali, akiwa na karatasi mkononi.

Boriti na korja

Mimi nimezaliwa chini ya boriti. Nyumba yetu ya Mji wa Kale, kama nyumba nyingi za mawe za mwambao huu, dari yake ilikuwa ya mikoko iliyopangwa sambamba, na juu yake mawe na chokaa. Tukiwa watoto tukizihesabu boriti hizo usiku kabla usingizi haujatuchukua. Ukitaka kujua kwa nini vyumba vya nyumba zetu za kale ni vyembamba na virefu, jawabu ni hilo: upana wa chumba ulipimwa kwa urefu wa boriti, na mkoko haukubali kurefushwa. Kwa hiyo naweza kusema kwamba mkoko ndio uliotuchorea nyumba zetu, tukalala, tukaswali na tukaozana ndani ya kipimo chake.

Na si nyumba zetu tu. Majahazi yaliyokuja na kaskazi kutoka Uarabuni na Ghuba ya Uajemi, yakiwa yamesheheni tende, mazulia na samaki wa chumvi, yakirudi na kusi yalipakia boriti. Huko kwao hakuna miti, na nyumba za miji yao ziliezekwa kwa mikoko ya Lamu, ya Rufiji na ya kwetu. Boriti ziliuzwa kwa korja, na korja moja ni miti 20. Kila unene ulikuwa na jina lake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Na kila mti msituni ulikuwa na kazi yake. Mkoko na mkandaa ni wa kujengea. Mlilana hutoa mataruma ya vyombo. Mkomafi hutoa mbao. Mchu ni wa kuni na kazi nyinginezo. Mtu asiyejua kusoma aliweza kuusoma msitu huo kama sisi tulivyosoma juzuu chuoni.

Lakini soko halina huruma kwa msitu. Katika miaka ya 1970 sehemu za mikoko ya Gazi zilikatwa kwa wingi, si kwa ajili ya nyumba za wanakijiji, bali kwa kuni za matanuri ya viwanda. Miti ilipokwisha, pakabaki tope tupu lenye kuanikwa na jua, na chumvi ikapanda juu. Mwaka 1982 Serikali ya Kenya ilipiga marufuku kusafirisha boriti nje ya nchi. Marufuku hayo yalifunga mlango wa bandari, lakini hayakuotesha mti hata mmoja pale palipokwisha kuwa upara.

Waliootesha walikuja baadaye. Kuanzia mwaka 1991, wataalamu wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi, ijulikanayo kwa herufi zake KMFRI, wakishirikiana na wanakijiji, walianza kupanda mikoko Gazi. Nao mkoko ni mti wa ajabu kwa rehema ya Mola: mbegu yake huota ingali imening'inia juu ya mama yake, ikawa kama mkuki mrefu wa kijani, kisha ikaanguka na kujichoma topeni au ikachukuliwa na maji. Wanawake na vijana waliiokota mikuki hiyo, wakaichomeka matopeni safu kwa safu. Wengine walidhani ni kazi ya kichaa, kupanda kitu ambacho Mwenyezi Mungu hukipanda mwenyewe. Leo ndio msitu unaotembelewa na wageni, na kina mama wa Gazi wamejenga ujia wa mbao unaopita juu ya tope katikati ya mikoko, wakitoza kiingilio na kuwapikia wageni vyakula vya kwetu.

Kilicho ndani ya tope

Sasa nirudi kwenye swali la baraza. Mti wowote ule huvuta kutoka angani hewa ya ukaa, ambayo redioni huitwa kaboni, na kuifanya shina, tawi na mzizi. Hewa hii ndiyo itokayo katika moshi wa magari na viwanda, na wingi wake ndio unaoipandisha dunia joto. Mti wa bara ukianguka huoza, na hewa ile hurudi ilikotoka. Mkoko si hivyo. Majani na mizizi yake huzama katika tope lisilopata pumzi, na penye tope lisilo na pumzi kitu hakiozi upesi. Hukaa humo miaka mamia. Kwa hiyo ekari moja ya mikoko yaweza kuhifadhi ukaa mara kadhaa kuliko ekari moja ya msitu wa bara, na sehemu kubwa ya hifadhi hiyo haionekani kwa macho, kwa kuwa iko chini ya miguu.

Ukaikata mikoko na kulitifua tope, unalifungua ghala hilo. Ukiilinda na kuongeza mingine, ghala hujaa. Wataalamu walipima hektari 117 za ghuba ya Gazi, wakahesabu kwamba ulinzi na upandaji huo huepusha na kuhifadhi kiasi cha tani 3,000 za hewa ya ukaa kila mwaka. Tani hizo huandikiwa hati kwa kufuata kanuni za Plan Vivo, shirika lenye makao yake Edinburgh, na hati huuzwa na jumuiya nyingine ya huko huko Scotland kwa watu na makampuni wanaotaka kufidia moshi wao. Fedha hurudi kwenye kamati ya wanakijiji iliyochaguliwa na Gazi na Makongeni.

Ni fedha kiasi gani? Mwanzoni zilikuwa dola 12,000 hivi kwa mwaka, yaani kama shilingi milioni moja za wakati ule. Tufanye hesabu ya dukani. Ukizigawa shilingi hizo kwa watu 5,000, kila mmoja hupata shilingi 200 kwa mwaka mzima. Hazimnunulii hata kanzu ya Idi. Ndiyo sababu wanakijiji hawakuzigawa mkononi, bali waliziweka pamoja na kuamua kwa mashauriano zitumike wapi: mabomba ya maji safi, vitabu na majengo ya shule, na kazi ya kupanda na kulinda msitu. Shilingi 200 haziondoi shida ya mtu, lakini shilingi milioni moja zilizokaa pamoja humwondolea mwanamke safari ya kwenda kisimani na ndoo kichwani. Haba na haba, wahenga walisema, hujaza kibaba.

Si biashara ya hewa, ni mfano wa wakfu

Wako walioniuliza kama jambo hili lajuzu. Mimi si mufti, na fatwa nawaachia wenye elimu yake. Lakini hata mtoto wa chuoni amefundishwa kwamba haifai kuuza kitu kisichojulikana wala kisichomilikiwa, mithili ya samaki aliye baharini au ndege aliye angani. Je, hewa iliyozama topeni si kama samaki aliye baharini?

Nionavyo mimi, neno kuuza ndilo linalotupoteza. Mnunuzi wa Ulaya hachukui tope la Gazi. Hapewi mti, hapewi ardhi, hapewi samaki. Anacholipia ni kazi: mtu kuamka na kupanda, mtu kuzunguka msituni kuulinda, mtu kujizuia na shoka hali ana shida ya kuni. Huo ni ujira wa ulinzi. Tani ni kipimo cha kazi hiyo tu, kama pishi ilivyo kipimo cha mchele.

Na kama nikitafuta katika mila zetu jambo linalofanana na Mikoko Pamoja, siendi mbali. Ni wakfu. Sote tunaijua habari ya Seyyidna Umar na shamba lake la Khaybar: alishauriwa na Mtume, rehema na amani zimshukie, aizuie asili yake isiuzwe wala isirithiwe, na matunda yake yaende kwa wanaohitaji. Katika mwambao wetu minazi mingapi iliwekwa wakfu ili mafuta yake yawashe taa za misikiti? Mnazi haukatwi, nazi ndizo zinazoangushwa. Hivyo ndivyo ilivyo Gazi. Asili inazuiwa, manufaa yanagawanywa. Wazungu wameipa jambo hilo jina jipya na mahesabu mapya, lakini bibi zetu wangelielewa bila ya kutafsiriwa.

Mfano huu si wa kupamba maneno. Una faida, kwa sababu sisi tumeishi na wakfu kwa karne nyingi na tunajua mahali unapoozea. Wakfu hufa kwa mambo matatu: pakiwa hapajulikani nani mwenye mali, msimamizi akiwa hahesabiwi, na mafungu ya wanaostahiki yakiwa hayakuandikwa sawasawa. Basi tuipime Gazi kwa mizani hiyo.

Nani mwenye msitu?

Hapa pana jambo ambalo wasomaji wengi hawalijui. Mikoko ya Gazi si mali ya watu wa Gazi. Kwa sheria za Kenya mikoko ni msitu wa Serikali, na wanakijiji wanaitunza kwa mkataba wa ushirikiano na Shirika la Huduma za Misitu, kupitia chama chao cha msitu. Yaani mlinzi si mwenye nyumba. Leo mkataba upo na uhusiano ni mwema. Lakini mkataba wa mradi ni wa miaka 20, na miaka 20 tangu 2013 inakwisha mwaka 2033. Mtoto aliyeanza kuchomeka mikuki ya mkoko akiwa na miaka kumi, mwaka huo atakuwa na miaka thelathini. Atakuwa na haki gani juu ya mti aliouotesha?

Pwani yetu imejaa watu waliolinda ardhi vizazi na vizazi, kisha akaja mwenye karatasi. Hili si jambo la kukumbushana. Kwa hiyo nasema bila kuficha kwamba heshima, tuzo na picha hazitoshi. Kinachotakiwa ni haki iliyoandikwa, ambayo haitegemei nani yuko ofisini.

Funzo tumelipata hata kutoka kaskazini. Januari 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Isiolo iliamua kwamba hifadhi mbili za wanyama huko zilianzishwa kinyume cha sheria, pasi na kuwashirikisha wananchi ipasavyo. Moja ya hifadhi hizo ilikuwa ndani ya mradi mkubwa wa kaboni. Gazi haiko katika hali hiyo. Mradi wake ni mdogo na ulianza na wanakijiji wenyewe. Lakini hukumu ile yatuonyesha kwamba kaboni ikishaingia soko kubwa, ridhaa ya watu ndiyo ya kwanza kusahauliwa na ya mwisho kukumbukwa, tena mahakamani.

Nani anahesabiwa?

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kanuni za Plan Vivo zataka angalau asilimia 60 ya mapato ya hati yaende kwa jamii. Sheria ya Kenya ya Mabadiliko ya Tabianchi, ilivyorekebishwa mwaka 2023, yataka miradi ya ardhi iipe jamii angalau asilimia 40 ya mapato ya kila mwaka baada ya kutoa gharama za uendeshaji. Soma tena maneno hayo ya mwisho: baada ya kutoa gharama. Ni nani atakayeandika gharama hizo? Mradi mdogo unaoendeshwa na watu wanaoswali msikiti mmoja ni rahisi kuuhesabu. Mradi wa kampuni yenye ofisi katika nchi tatu una gharama zisizokwisha, na asilimia 40 ya kilichobaki yaweza kuwa sahani tupu.

Nalisema hili kwa kuwa Gazi haiko peke yake tena. Mfano wake umekwenda kusini mpaka Vanga, Jimbo na Kiwegu, karibu na mpaka wa Tanzania, ambako eneo la mikoko lililoingizwa ni kubwa zaidi ya mara tatu. Na zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko Lamu. Wenye fedha wameshaijua njia. Atakayefika Lamu kesho hatakuja kama walivyokuja wapandaji wa Gazi mwaka 1991 na matope magotini. Atakuja na wakili.

Nani anabeba mzigo?

Swali la tatu ndilo zito kwangu. Katika kila kijiji cha mikoko wamo watu ambao msitu ulikuwa ndio mfuko wao: mkataji wa boriti, mchoma chokaa, mwanamke apikaye kwa kuni kwa sababu bei ya gesi imemshinda. Maji ya bomba ni ya wote, lakini anayejizuia si wote. Mwenye duka hajapoteza kitu kwa mkoko kutokatwa. Aliyepoteza ni yule mkata boriti, ambaye korja zake mbili kwa wiki ndizo zilizokuwa unga na sukari ya nyumbani.

Tuliona hali hiyo Lamu, Februari 2018, Serikali iliposimamisha ukataji wa miti katika misitu yake. Nia ilikuwa njema, lakini wakataji wa mikoko walilala wana kazi wakaamka hawana. Marufuku bila ya badili ni kumwambia mtu afunge saumu asiyoinuia.

Gazi wamejaribu kulitatua jambo hili kwa kupanda mivinje nje ya msitu wa mikoko, ili watu wapate miti ya kujengea na kuni bila ya kugusa ghuba. Ni njia ya busara. Lakini mvinje huchukua miaka kukua, na njaa haingoji. Kamati yoyote ya kaboni ambayo haimwiti mkata boriti kwenye kikao, ikamuuliza kwa jina lake amepoteza nini na atalipwaje, itakuwa imejenga nyumba na kusahau nguzo. Usiku wa dhiki, ni yeye anayezijua njia za msituni kuliko mlinzi yeyote.

Hazina mbili za Kwale

Mtu ataniambia: yote haya kwa shilingi milioni moja? Hapo Kwale kwenyewe palikuwa na mgodi wa titani, ambao shehena zake za kwanza zilipakiwa melini Likoni mwaka 2014. Ulileta fedha nyingi mno kuliko mikoko, ukaajiri vijana, ukajenga shule na barabara. Sikatai. Lakini Desemba 2024 uchimbaji ulifika mwisho, kwa kuwa mchanga wenye madini ulikwisha, na vijana waliokuwa na mishahara wakabaki kuulizana la kufanya. Hazina ya kwanza ya Kwale ilikuwa ya kuchimbwa. Ilidumu miaka kumi hivi. Hazina ya pili ni ya kutochimbwa, na ikitunzwa haina mwaka wa mwisho. Na kando ya fedha za Scotland, mikoko ile huzaa kaa na kamba, huwalea samaki wachanga, huzuia bahari isiule ufuo. Hati za kaboni zikikosa soko kesho, samaki hawatakuwa na habari.

Ila ghuba haijilindi yenyewe. Mto Mkurumudzi umewekewa bwawa huko juu, na mashamba na miji huongezeka kila mwaka. Mkoko huishi kwa kukutana maji mawili. Ukiyapunguza ya mto au ukiyajaza udongo, umeukata bila ya shoka. Kwa hiyo wanaoamua juu ya maji ya bara wanaamua pia juu ya tope la Gazi, wapende wasipende, na watu wa ghuba wana haki ya kukaa katika vikao hivyo.

La kufanya

Kwa maoni yangu mambo matatu yanatakiwa, na hayahitaji fedha nyingi. La kwanza, hesabu za kila mradi wa kaboni zisomwe mbele ya watu, kwa Kiswahili na kwa Kidigo, siyo kubandikwa ukutani kwa Kiingereza: tani ngapi ziliuzwa, kwa bei gani, nani alikata nini njiani. La pili, haki ya jamii juu ya mikoko ianze kujadiliwa sasa na Serikali za Kaunti na ya Taifa, kabla ya 2033 kubisha hodi. Udongo uwahi ungali maji. La tatu, maulamaa wetu na wanasheria wetu wakae pamoja waitazame mikataba hii kwa jicho la wakfu, watuambie masharti gani yawekwe ili asili isije ikauzwa kwa jina la manufaa.

Watu wa Gazi wametufanyia kazi ambayo wengi wetu mijini hatukuifanya. Waliona tope lenye upara wakalivisha. Mwenye kupanda mti, kwa itikadi yetu, hupata thawabu kwa kila kiumbe kinachonufaika nao, hata ndege. Thawabu hiyo wameshaandikiwa na hakuna wa kuwapokonya. Lakini haki ya hapa duniani huandikwa na wanadamu, na hadi leo kalamu ya kuandikia haki ya Gazi haijakabidhiwa watu wa Gazi.